Umakini wa rubani unapopotea: Kwa nini ndege ndogo hupata ajali wakati wa kutua

Na Mwandishi Wetu

MUDA mfupi baada ya saa sita usiku, Mei 31, 2014, ndege ndogo aina ya Cessna 150 iliruka kutoka uwanja wa Front Range uliopo Watkins, karibu na jiji la Denver katika jimbo la Colorado nchini Marekani. Ndani yake walikuwamo watu wawili tu, rubani na abiria wake. Dakika chache baadaye ilianguka shambani, jirani na uwanja huo, na wote wawili wakapoteza maisha.

Katika mabaki ya ndege hiyo, wachunguzi wa Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani (NTSB) walikuta kamera ndogo ya video. Kamera hiyo haikuwa imerekodi safari ya mwisho, bali safari fupi zilizoitangulia. Ilimwonyesha rubani na abiria wengine wakijipiga picha kwa simu za mkononi wakiwa angani. Mara moja, ndege ikiwa ndiyo kwanza inapanda gizani, mwanga wa kamera ya simu ya rubani ulimulika chumba kizima.

Katika taarifa yao ya mwaka 2015, wachunguzi hao walihitimisha kuwa rubani alipoteza mwelekeo kutokana na giza na mawingu ya chini, akashindwa kuitawala ndege, na kwamba matumizi ya simu yalimwondolea umakini na kuchangia ajali hiyo. Ilibainika pia kuwa hakuwa ametimiza masharti ya kubeba abiria usiku wala ya kuruka kwa kutegemea vyombo peke yake.

Ajali hiyo ilitangazwa sana kwa sababu ya zile picha. Hata hivyo, kwa wataalamu wa usalama wa anga haikuwa na jambo geni. Tangu zamani inajulikana kuwa ndege nzima, yenye injini nzima na rubani mwenye afya njema, inaweza kuanguka kwa sababu moja tu: mwenye usukani alikuwa akishughulikia jambo jingine. Na mahali ambapo kosa hilo hujitokeza mara kwa mara, hususan kwa ndege ndogo, ni wakati wa kutua.

Dakika chache, kazi nyingi

Ndege inapokuwa juu angani, rubani huwa na nafasi ya kukosea na kujirekebisha. Inapokaribia kutua, nafasi hiyo huisha. Kwa kawaida ndege ndogo huuzunguka uwanja ikiwa kwenye kimo cha takriban futi 1,000, sawa na mita 300, kabla ya kukunja kona mbili za mwisho na kunyoosha kuelekea njia ya kutulia. Katika kipindi hicho rubani hupunguza mwendo, hushusha vibawa vya nyuma ya mbawa vinavyoiwezesha ndege kuelea kwa kasi ndogo, huangalia upepo, huzungumza na waongoza ndege kwa redio, hutafuta kwa macho ndege nyingine zilizo karibu na hukadiria umbali uliosalia.

Tuchukue mfano wa ndege inayoshuka kwa kasi ya kilomita 120 kwa saa, ambayo ni kasi ya kawaida kwa ndege yenye viti vinne kama Cessna 172. Rubani akiinamisha kichwa kwa sekunde tano tu kusoma ujumbe kwenye simu, ndege itakuwa imekwenda zaidi ya mita 160 bila ya kuangaliwa. Ikiwa inashuka futi 500 kwa dakika, sekunde kumi za kusahau ni sawa na kupoteza takriban mita 25 za kimo. Mita 25 si kitu kwa ndege iliyo juu ya mawingu, lakini kwa ndege inayopita juu ya miti iliyo karibu na uwanja ndizo zinazotenganisha salama na maafa.

Hatari kubwa zaidi ni mwendo. Ndege huelea kwa sababu hewa hupita kwenye mbawa zake kwa kasi na pembe inayotakiwa. Rubani anayeitazama ardhi kwa wasiwasi, au anayegeuka kumjibu abiria, huweza kuvuta usukani taratibu pasipo kujua. Pua ya ndege huinuka, kasi hupungua na mbawa hushindwa kuibeba. Hali hiyo ikitokea kwenye kona ya mwisho, bawa moja huweza kuanguka kabla ya jingine na ndege ikaanza kujizungusha. Juu angani marubani hufundishwa namna ya kujinasua, lakini kwenye kimo cha mita 100 au 150 hakuna nafasi ya kufanya hivyo.

Magurudumu yanaposahaulika

Mfano wa kosa hili unaofahamika zaidi miongoni mwa marubani ni kutua bila ya kushusha magurudumu. Si kila ndege inaweza kupatwa na mkasa huo. Zipo ambazo magurudumu yake hayakunjwi, na zipo ambazo magurudumu yake hukunjwa baada ya kuruka ili kupunguza ukinzani wa hewa. Hizi za pili humtaka rubani akumbuke kuyashusha kabla ya kutua.

Ndani ya ndege hizo huwamo taa za kijani zinazowaka magurudumu yanapokuwa yameshuka na kujifunga. Huwamo pia king'ora kinacholia rubani anapopunguza nguvu ya injini ilhali magurudumu bado yamekunjwa. Licha ya vyote hivyo, kila mwaka ndege kadhaa duniani huserereka kwa tumbo kwenye njia ya kutulia huku king'ora kikilia. Mara nyingi watu hutoka salama, lakini pangaboi hupinda, injini hulazimika kufunguliwa na kukaguliwa, na gharama yake huweza kuipita thamani ya ndege yenyewe.

Mtu asiye rubani atauliza, inawezekanaje mtu asisikie king'ora kinacholia karibu na sikio lake? Jibu ni kwamba ubongo wa binadamu unapoelemewa na kazi moja huzuia taarifa nyingine zisipite, zikiwamo sauti. Sikio hupokea, lakini akili haipokei. Wahenga walikwisha kulisema jambo hili waliponena kuwa mshika mbili moja humponyoka.

Aidha, uchunguzi wa ajali za aina hii mara nyingi huonyesha mtiririko unaofanana. Rubani alikuwa karibu kushusha magurudumu, yakatokea mengine: mwongoza ndege akamtaka abadili njia, ndege nyingine ikajitokeza mbele, au abiria akauliza swali. Rubani akalishughulikia jambo hilo vizuri. Aliporejea kwenye kazi yake, akilini mwake aliamini kuwa magurudumu yamekwisha kushushwa, kwa sababu alikuwa amekwisha kuazimia kuyashusha.

Taa moja, maisha 101

Ingawa makala haya yanahusu ndege ndogo, ajali iliyoufundisha ulimwengu somo hili ilikuwa ya ndege kubwa. Usiku wa Desemba 29, 1972, ndege ya Shirika la Eastern, aina ya Lockheed TriStar, ilikuwa ikikaribia Miami ikitokea New York na watu 176. Taa ya kuonyesha kuwa gurudumu la mbele limeshuka haikuwaka. Marubani wakaghairi kutua, wakapanda hadi futi 2,000, wakaiwasha mitambo ya kuiongoza ndege yenyewe, kisha wakaanza kuihangaikia taa.

Wakati wakishughulika nayo, mtambo wa kuishikilia ndege kwenye kimo hicho ulijiondoa bila ya wao kutambua. Ndege ikaanza kushuka polepole. Kengele ya kuonya kuwa kimo kimebadilika ililia, hakuna aliyeishughulikia. Ndege ikatumbukia katika vinamasi vya Everglades. Watu 101 walifariki na 75 walinusurika.

Uchunguzi ulibaini kuwa balbu ilikuwa imeungua. Gurudumu lenyewe lilikuwa limeshuka na kujifunga barabara. Bodi ya NTSB ilieleza kuwa wafanyakazi wa ndege hiyo hawakuviangalia vyombo vyao katika dakika nne za mwisho kwa sababu akili zao zote zilikuwa kwenye taa.

Simu ya mkononi yaingia angani

Katika karne hii chanzo cha usumbufu kimebadilika, lakini matokeo ni yale yale. Mei 27, 2010, ndege aina ya Airbus A321 ya Shirika la Jetstar ilikuwa ikishuka kwenda kutua Singapore ikitokea Darwin, Australia. Rubani msaidizi ndiye aliyekuwa akiirusha. Simu ya rubani mkuu, ambayo alisahau kuizima, ikaanza kulia kwa ujumbe unaoingia. Akaanza kuishughulikia ili aizime, na hata alipoitwa na mwenzake hakuitika.

Magurudumu hayakushushwa kwa wakati. Mitambo ya ndege ikatoa tahadhari, marubani wakaghairi kutua na kupaa upya baada ya kushuka hadi chini ya futi 400 kutoka ardhini. Walizunguka na kutua salama. Taarifa ya wachunguzi wa Australia iliyotolewa mwaka 2012 ilitaja simu hiyo pamoja na uchovu wa rubani msaidizi kuwa miongoni mwa mambo yaliyowaondolea umakini.

Mkasa wa Mosby, jimbo la Missouri nchini Marekani, haukuwa na mwisho mwema kama huo. Agosti 26, 2011, helikopta ya kubeba wagonjwa aina ya AS350 iliishiwa mafuta na kuanguka ikiwa imebakiza takriban maili moja kufika uwanja iliokusudia kujazia. Rubani, mgonjwa, muuguzi na mhudumu wa dharura, wote walifariki. Wachunguzi walibaini kuwa rubani alikuwa akiandikiana ujumbe binafsi wa simu katika zamu yake, wakati mwingine akiwa angani, na kwamba hakulikagua ipasavyo suala la mafuta kabla ya kuondoka.

Jambo la kuzingatia ni kwamba injini ilipozimika rubani huyo hakuwa akitumia simu. Umakini ulikuwa umepotea mapema zaidi, pale alipopaswa kuisoma geji ya mafuta ardhini.

Si simu peke yake

Itakuwa makosa, hata hivyo, kudhani kuwa kuzuia simu kutamaliza tatizo. Februari 13, 2017, mwigizaji maarufu wa filamu Harrison Ford, ambaye ni rubani wa miaka mingi, alikuwa akitua na ndege yake ndogo katika uwanja wa John Wayne, California. Aliruhusiwa kutua kwenye njia husika, akaijibu redio kwa usahihi, kisha akatua kwenye njia ya pembeni ambayo ndege huitumia kutembea ardhini. Alipita juu ya ndege ya abiria aina ya Boeing 737 iliyokuwa na watu 116. Hakuna aliyeumia.

Ford alieleza kuwa umakini wake ulivutwa na ndege hiyo iliyokuwa ikitembea, na pia na wasiwasi wa mtikisiko wa hewa ulioachwa na ndege kubwa iliyokuwa ikitua. Mamlaka ya anga ya Marekani ilimaliza suala hilo bila ya kumwadhibu. Kisa hicho kinaonyesha kuwa hata jambo la kikazi kabisa, tena la tahadhari, linaweza kuyavuta macho ya rubani kutoka mahali yanapotakiwa kuwa.

Mfano mwingine unaofundishwa katika vyuo vya urubani ni wa mlango. Katika ndege nyingi ndogo, mlango usiofungwa sawasawa ukifunguka angani hutoa kelele kubwa na upepo wa kuogofya, lakini ndege huendelea kuruka. Kinachosababisha vifo ni pale rubani anapouacha usukani ili kuuvuta mlango. Ndivyo ilivyo pia kwa mkanda wa kiti uliobanwa nje ya mlango. Hugonga ubavu wa ndege kwa kishindo na kumfanya rubani adhani injini inavunjika.

Kanuni ya ukimya

Septemba 11, 1974, ndege nyingine ya Shirika la Eastern, aina ya DC-9, ilianguka katika ukungu ikikaribia kutua Charlotte, Carolina Kaskazini. Zaidi ya watu 70 kati ya 82 waliokuwamo walifariki. Kinasa sauti kilionyesha kuwa marubani walikuwa wakipiga soga kuhusu siasa na magari badala ya kufuatilia kimo cha ndege.

Ajali hiyo na nyingine za aina yake zilisababisha Marekani kutoa kanuni mwaka 1981 inayowakataza marubani wa mashirika ya ndege kufanya au kuzungumza jambo lolote lisilohusu usalama wa safari ndege inapokuwa chini ya futi 10,000, isipokuwa ikiwa imetulia katika safari. Wahudumu nao hawaruhusiwi kuwaita marubani kwa mambo madogo katika kipindi hicho. Utaratibu huo umeigwa na mashirika mengi duniani.

Ngao nyingine ni orodha ya ukaguzi, ambayo rubani huisoma hatua kwa hatua. Utamaduni huo ulianza baada ya ndege ya majaribio ya Boeing, iliyokuja kuwa mzazi wa ndege za kivita za B-17, kuanguka Oktoba 30, 1935 katika jimbo la Ohio kwa sababu kifaa cha kufungia usukani hakikuondolewa kabla ya kuruka. Marubani hufundishwa kuwa wakikatizwa katikati ya orodha wasiendelee pale wanapodhani waliishia, bali waanze upya.

Fundisho la tatu ni la vipaumbele. Kwanza rubani airushe ndege, pili ajue anakokwenda, tatu ndipo azungumze. Mwongoza ndege anaweza kusubiri, na abiria anaweza kusubiri pia. Kukiwa na shaka yoyote, ghairi kutua, paa upya na uanze tena. Uamuzi huo hugharimu mafuta kidogo tu.

Ndege ndogo na msafiri wa Afrika Mashariki

Kwa msomaji wa Dar es Salaam, Nairobi, Zanzibar au Arusha, suala hili si la mbali. Ndege ndogo kama Cessna Caravan ndizo zinazounganisha Bara na visiwa vya Unguja na Pemba, na ndizo zinazowafikisha watalii Serengeti na Maasai Mara. Kwa bahati njema magurudumu ya Caravan hayakunjwi, hivyo rubani wake hana hatari ya kuyasahau. Lakini mambo mengine yote yaliyoelezwa hapo juu yanamhusu.

Ndege hizo zinaweza kurushwa na rubani mmoja, kwa maana kwamba hakuna wa pili wa kumkumbusha. Katika baadhi ya safari za namna hiyo abiria hukaa kiti cha mbele, bega kwa bega na rubani. Safari ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar huchukua takriban dakika 20, hivyo kipindi cha kupanda na kushuka huwa sehemu kubwa ya safari yenyewe. Katika viwanja vya mbugani, ambavyo vingi ni vya udongo au changarawe, rubani hulazimika pia kuangalia kama kuna wanyama kwenye njia ya kutulia, na mara nyingine hupita chini kwanza ili kuhakikisha. Macho yanapomfuata nyumbu, mwendo wa ndege unahitaji mwangalizi.

Ajali inapotokea, kuna kauli mbili zinazosikika upesi. Ya kwanza ni kuwa ajali haina kinga. Ya pili ni kuwa huo ni uzembe wa rubani. Zote mbili hufunga mjadala kabla haujaanza. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, kinachoongoza uchunguzi wa ajali za ndege duniani, kinaeleza kuwa lengo la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine na si kutafuta wa kulaumiwa. Swali la mchunguzi halikomi kwenye nani alikosea. Huendelea hadi kujua ni nini kilichomvuta, kwa nini hakukuwa na kitu cha kumrudisha, na nani mwingine yumo katika hatari hiyo hiyo kesho.

Abiria afanye nini

Abiria wa ndege ndogo ana mchango mkubwa kuliko anavyodhani. Azime simu au aiweke katika hali ya safari kabla ya kuondoka, na afunge mkanda huku akihakikisha haujabanwa mlangoni. Akiketi mbele, asiguse usukani wala kanyagio, na asiweke mkoba au kamera mahali panapoweza kuzuia mwendo wake.

Ndege inapoanza kushuka, mazungumzo yakome. Maswali kuhusu mlima unaoonekana au saa ya kufika yasubiri hadi ndege iwe imesimama. Asimwombe rubani apige naye picha wala azunguke chini kwa ajili ya kuona wanyama.

Ukimya huo una mpaka wake. Abiria akiona moshi, mlango ulio wazi, au ndege nyingine inayokaribia, aseme mara moja kwa maneno machache na yanayoeleweka, kisha amwachie rubani nafasi ya kufanya kazi. Na rubani akisema kuwa anaghairi kutua na kupaa upya, abiria asinung'unike wala kuuliza sababu hapo hapo. Rubani huyo anafanya kile ambacho wengi waliotajwa katika makala haya hawakuwahi kukifanya.